Mngoni Mlangoni kwa Gaudence

Mlabani, Ifakara. Jumamosi ya masika.

Mvua ilianza kabla sijaamka na bado inanyesha. Viatu vyangu viko mlangoni vimejaa tope la Michenga, na sina haraka ya kuviosha. Hali yangu ni ya kawaida. Sina huzuni, sina furaha, nimechoka miguu.

Nimekaa mezani tangu saa kumi jioni nikitafuta sentensi moja ya kumwambia mtu. Nimeandika nne na kuzifuta zote. Nitaeleza ni sentensi gani, ila lazima nianzie nyuma kidogo.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni Mkenya, Mkikuyu wa upande wa Molo. Nilihamia hapa mwaka jana kusimamia uzalishaji kwenye kiwanda cha kukoboa mpunga ambacho makao yake makuu yako Nairobi. Nilikuja na mabegi mawili na imani moja, kwamba lugha ni moja, kwa hiyo na kazi itakuwa moja.

Nyumbani kikao cha kazi huanza na tatizo. Hapa kinaanza kwa kumshukuru Mungu aliyetuamsha salama, kisha pole kwa waliougua, hongera kwa waliojifungua, halafu tatizo linaingia mwishoni kabisa, limevaa vizuri, linaitwa changamoto. Mtu akisema kuna changamoto kidogo kwenye mashine, mashine imekufa. Akisema tutaliangalia, amekataa. Wiki ya kwanza nilimwambia mama anayetupikia, "Nipe chai." Alinipa. Kwa siku kadhaa baada ya hapo nikawa nahudumiwa wa mwisho, kwa tabasamu, na sikujua kosa langu hadi Editha wa utumishi aliponinong'oneza kwamba huku watu wanaomba.

Nikajifunza kuomba. Nikajifunza kuuliza habari za nyumbani kabla ya habari za tani. Nilidhani nimemaliza somo.

Kisha ikaja asubuhi ya Fulgence na Gaudence.

Fulgence ni fundi wetu wa mashine, Mngoni aliyetokea Songea, mtu wa rika langu mwenye sauti ya kushindana na injini. Gaudence ni mtunza ghala. Ni mzee anayekaribia kustaafu, Mpogoro ambaye wazazi wake walishuka kutoka Mahenge wakalima Idete. Asubuhi hiyo lori lilikuwa linasubiri kupakiwa na Gaudence alikuwa anahangaika na kufuli. Fulgence akasema, kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba hayo ndiyo madhara ya babu yake. Babu yake yeye Fulgence, alisema, alikuwa na watumwa wengi wa Kipogoro hata akamsahau mmoja kule milimani, na sasa tazameni, mtumwa amepewa funguo za ghala.

Wapakiaji wakacheka. Gaudence hakujibu. Aliinamisha kichwa juu ya kufuli.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yao.

Nimewahi kuandika hapa kuhusu utoto wangu, kwa juu juu. Leo niseme kidogo zaidi. Mwaka mmoja wa uchaguzi, nikiwa mdogo, majirani waliokuwa wakimwita baba yangu Baba Wambui walianza kumwita kwa kabila lake. Walianza wakicheka, na baba naye akacheka. Baadaye wakaacha kucheka, na muda mfupi baadaye tukawa tunalala kwenye uwanja wa kanisa, sisi na magodoro yetu. Polisi alipokuja kumuuliza baba kama kuna mtu aliyemtisha, baba aliinamisha kichwa akasema hapana.

Kwa hiyo nilipomwita Gaudence ofisini nikamuuliza kama maneno yale yamemuumiza, na yeye akaangalia sakafu akasema, "Hapana, Meneja," nilidhani nimemwelewa kabisa. Sheria za kampuni ziko wazi kuhusu matusi ya kabila: mtu anasimamishwa kwanza, maswali yanafuata. Siku ileile nikamsimamisha Fulgence na kupeleka taarifa Nairobi. Shauri lake likapangwa lisikilizwe Jumatatu hii inayokuja, na mtu yeyote aliyezoea barua za makao makuu angejua mwisho wake ni kufukuzwa.

Fulgence alisema, "Sawa, Meneja." Gaudence alisema sawa. Editha alisema sawa, halafu akaongeza, akiwa anapanga mafaili ambayo tayari yalikuwa yamepangwa, kwamba watu wa huku wanataniana sana. Nilimjibu kwamba utani una mipaka. Akasema ni kweli, Meneja, una mipaka.

Baada ya hapo kiwanda kilipata utulivu ambao nilikuwa nautamani tangu nifike. Watu walifika mapema. Vikao vilikwisha haraka. Mashine alipewa fundi mwingine, kijana mpole asiyeongea. Hakuna aliyecheka kwenye eneo la kupakia. Niliandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba nidhamu imeimarika, na nilikuwa naamini nilichoandika.

Kitu kimoja tu sikukiandika. Chai yangu ilikuwa imerudi kuletwa ya mwisho.

Jumatatu iliyopita mama yake Gaudence akafariki. Alikuwa bibi wa umri mkubwa, aliugua muda mfupi akaondoka. Huku mfanyakazi akifiwa, ofisi haitumi mwakilishi na bahasha. Ofisi inakwenda. Jumatano tulifunga kiwanda nusu siku tukapanda kwenye gari la kampuni kwenda Idete, mimi mbele na dereva, wengine nyuma wakiimba nyimbo za kanisa chini ya turubai.

Tulipofika nilimwona Gaudence amekaa kwenye jamvi katikati ya wanaume wa ukoo, uso mkavu. Nilimwendea, nikachuchumaa, nikamwambia shikamoo. Kwetu hatuna mazoea hayo, na kazini mimi ndiye bosi wake, kwa hiyo nilikuwa sijawahi kumwamkia hivyo. Aliitikia marahaba na kunishukuru kwa kuja. Mwanamke aliyekuwa jirani yangu alinieleza kwa sauti ya chini kwamba hajalia tangu Jumatatu, na kwamba ndugu wana wasiwasi naye.

Katekista akamaliza sala. Vijana wakaingia ndani kubeba jeneza. Halafu wakakwama.

Mlangoni alikuwa amesimama mtu aliyejifunga khanga mbili za marehemu, moja kiunoni na nyingine kichwani, ameshika fimbo ya marehemu ya kutembelea, ameinama mgongo kama bibi kizee. Ilinichukua muda kuamini kwamba ni Fulgence. Mtu niliyemsimamisha kazi kwa ajili ya familia hii alikuwa ameziba mlango wa familia hii akiwa amevaa nguo za maiti wao.

"Huyu mtumwa wetu anakwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ileile ya kushindana na injini. "Nani kampa ruhusa? Wapogoro mmezoea kujificha. Fungueni nihakikishe amekufa kweli, msije mkatuambia amekufa kumbe mmempandisha Mahenge."

Nilitazama watu nikisubiri kitakachotokea. Nilifikiri watampiga. Bibi mmoja mbele yangu alikuwa anacheka hadi anashika mbavu, machozi yanamtiririka, na sikuweza kujua ni ya kitu gani.

Gaudence aliinuka kwenye jamvi. Alitembea polepole hadi mlangoni, akamtazama Fulgence kuanzia khanga ya kichwani hadi miguuni.

"Mngoni," akasema, "toka hapo. Mama alisema hata akifa, mwizi wa ng'ombe asimguse."

Uwanja mzima ulicheka. Gaudence naye akacheka, akacheka sana, na katikati ya kicheko sauti ikabadilika. Alilia kama mtoto. Fulgence alitupa fimbo akamkumbatia, akiwa bado amejifunga khanga, na wakasimama hivyo mlangoni huku jeneza likisubiri nyuma yao. Hakuna aliyewaharakisha.

Baadaye, kaburini, niligundua kwamba tope lililokuwa kwenye magoti ya Fulgence lilikuwa la hukohuko. Alikuwa amefika tangu alfajiri kuchimba.

Aliponiona alivua khanga ya kichwani. "Pole na safari, Meneja," alisema. Ilikuwa salamu safi, isiyo na kasoro hata moja. Sijawahi kusimama mbali na mtu kama nilivyosimama pale, na tulikuwa tunashikana mikono.

Wakati wa kurudi nilimwomba Editha akae mbele pamoja nami. Alinieleza, akiangalia barabara. Wangoni na Wapogoro ni watani. Babu zao walipigana, kisha wakapatana, na katika kupatana wakapeana haki ya kutukanana bila kukasirika na wajibu wa kuzikana. Mtani ndiye anayechimba, mtani ndiye anayechekesha, kwa sababu ndugu wote wana uchungu na lazima awepo mtu mmoja mwenye ruhusa ya kutokuwa na uchungu. Mimi neno utani nililijua tangu shule ya msingi. Nililijua kama mzaha. Hakuna aliyeniambia kwamba huku ni undugu.

Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia mapema.

"Tulikuambia, Dada Wambui," alisema. "Tulinyamaza wote. Ulitaka tukuambie vipi zaidi?"

Nikamuuliza, basi kwa nini Gaudence aliinamisha kichwa asubuhi ile. Editha alinitazama kwa mara ya kwanza. Akasema mzee alikuwa anatafuta jibu. Yeye ni mzito kidogo wa kujibu, kila mtu anajua, na Fulgence huwa anamsubiri. Siku ile mimi sikumsubiri.

Jana nilizungumza na Nairobi kwa video. Bosi wangu ni mwanamke mwenye akili na namheshimu. Aliniuliza kama mlalamikaji amefuta malalamiko. Nilimwambia hakukuwa na mlalamikaji, nilikuwepo mimi tu. Nikamweleza yote, khanga, fimbo, mlango. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza nitafanya nini siku mtu wa kabila lingine, asiye mtani wa yeyote pale, akiitwa mtumwa kwenye uwanja uleule, na aliyesema akajitetea kwamba alikuwa anatania.

Swali hilo nimelala nalo.

Tulifikia makubaliano ambayo hayanipendezi. Fulgence anaweza kurudi kazini Jumatatu endapo atasaini karatasi kwamba hatataja tena kabila la mtu katika eneo la kazi, kwa mzaha au kwa dhati. Asiposaini, shauri linaendelea. Nilipomwonyesha Editha karatasi hiyo, aliisoma akairudisha taratibu. Alisema hadhani kama atasaini. Kusaini ni kukiri kwamba alimtukana Gaudence, na mtu hamkani mtani wake siku chache baada ya kumzikia mama.

Basi leo asubuhi nikachukua bodaboda kwenda Michenga, anakoishi Fulgence na mkewe. Njia ilipoanza kuwa tope tupu, dereva alizima pikipiki akaniambia kuna changamoto kidogo huko mbele. Nilimwelewa mara moja. Nikalipa, nikashuka, nikatembea. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji pande zote mbili na sikukutana na mtu isipokuwa mwanamke mmoja mwenye jembe, aliyenisalimia kwa kirefu hata mvua ikatulowesha wote wawili. Sikumharakisha.

Fulgence alikuwa amerudi kutoka shambani kwa sababu ya mvua. Mkewe alinipa kiti na kitambaa cha kujifutia. Tuliulizana habari za nyumbani, za afya, za msiba, za mpunga. Nikaomba radhi. Nilisema niliogopa kitu cha kwetu nikakiona hapa, na kwamba nilikosea. Alisema sawa, na kwa mara nyingine sikujua ni sawa ya aina gani.

Kisha nikatoa karatasi.

Aliisoma mara mbili. Mkewe aliacha kupepeta. Nilijua vizuri kilichokuwa mezani: kazi ya huyu mtu, fundi bora kiwandani, na ni mimi niliyeiweka pale. Aliniuliza kama Gaudence anajua kuhusu karatasi hii. Nikasema hajui. Akatoa simu, akampigia, akaweka sauti kubwa, akamsomea neno kwa neno.

Upande wa pili kulikuwa kimya. Nilisikia kuku na sauti za watu waliobaki msibani. Kimya kikawa kirefu, nami nikafungua mdomo nitoe maelezo. Fulgence aliinua kidole kunizuia. Nikafunga mdomo. Tulisubiri.

"Saini," Gaudence akasema hatimaye. "Nimekaa mwaka wa kumi na moja na wewe pale kiwandani. Leo ndiyo tutajua kama Mngoni anaweza kuandika jina lake."

Fulgence alicheka hadi akakohoa. Akasaini hapohapo, kwa herufi kubwa, akisema kwa simu kila herufi anayoandika ili mtumwa wake ajifunze. Nilikunja karatasi nikaiweka ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipaswa kufurahi. Kazi yake imesalimika. Lakini nilikuwa nafikiria Jumatatu asubuhi, Fulgence akipita mbele ya ghala, akisema habari za asubuhi, Mzee Gaudence, na kupita. Nimewaachia kazi na nimewanyang'anya asubuhi zao. Hilo ni langu, na Nairobi haitaliona kwenye ripoti yoyote.

Niliposimama kuaga, Fulgence alinisindikiza hadi kizingitini. Akaniuliza kama ameielewa vizuri karatasi, kwamba inazungumzia eneo la kazi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama hapa kwake ni eneo la kazi.

Nikasema hapana.

Akageuka akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, kama alivyosimama Idete, nisiweze kupita.

"Nimeuliza wazee," alisema. "Wakikuyu hamna mtani nchi hii. Siku ukifiwa hapa, nani atasimama mlangoni? Mimi nasikia Mkikuyu hanyanyui mguu bila faida. Wewe umetembea kwenye tope lote lile kuniletea karatasi ya bure. Kwenu wanajua umeharibika hivi?"

Mkewe aliziba mdomo kwa kiganja. Hofu ile ya zamani ilinirudia, kama inavyonirudia kila nikisikia kabila langu likitajwa na mtu mwingine. Nilisubiri iwe kitu kibaya. Haikuwa. Fulgence alikuwa ananitazama, ameinamisha kichwa kidogo upande, na sikuelewa anasubiri nini hadi nilipomkumbuka Gaudence na kufuli.

Alikuwa ananipa nafasi ya kujibu.

Meneja wa uzalishaji, shahada mbili, nilisema, "Asanteni kwa kunikaribisha." Wote wawili waliitikia kwa adabu kwamba karibu tena, Meneja, na Fulgence akatoka mlangoni akanipisha. Nilitembea kurudi barabarani na aibu ndogo ambayo haikuwa na uhusiano wowote na karatasi.

Ndiyo sentensi ninayoitafuta tangu saa kumi. Nimempigia simu Editha anisaidie, amekataa, anasema jibu la kuazima halihesabiki. Ninayo moja sasa. Ina babu wa Fulgence ndani, na watumwa, na inauliza kama kweli mzee huyo alimsahau yule mmoja, au ni mtumwa aliyemchoka yeye kwa kelele. Nimeisoma kwa sauti na naogopa kidogo. Sijawahi kumwambia mtu neno kama hilo maishani mwangu. Baba yangu angenishika mkono nisilitoe.

Jumatatu haliwezi kusemwa. Karatasi yenye sahihi ninayo mimi mwenyewe.

Lakini kesho ni Jumapili, na Michenga si eneo la kazi. Nitaacha viatu na tope lake hivyo vilivyo.

Sijui kama bado ananisubiri. Wanasema huwa anasubiri.